BJP walijenga hekalu la Ram, ikawaje wakapigwa hapohapo Ayodhya? (Uttar Pradesh, uchaguzi wa bunge 2024)

Sikio la Dunia

Habari wakuu, kuna ishu ya India nimeifuatilia muda na bado haijakaa sawa kichwani, naomba wanaoijua siasa ya kule wanifafanulie taratibu.

Ni uchaguzi wa bunge la India, Lok Sabha, wa 2024, na hasa jimbo la Uttar Pradesh (UP). Nchi nzima ina viti 543, UP peke yake ina 80, jimbo linalofuata ni Maharashtra lenye 48. Yani mtu akiibeba UP anakuwa amebeba karibu moja ya saba ya bunge zima. 2014 BJP, chama cha waziri mkuu Modi, walichukua 71 kati ya 80, 2019 wakachukua 62. Tarehe 22 Januari 2024 Modi mwenyewe akaenda Ayodhya kwenye uzinduzi wa hekalu la Ram, mungu wa Wahindu, jambo ambalo chama chake kiliahidi zaidi ya miaka 30, televisheni zote za kule zilikuwa zinaonyesha hilo tu, watu wakawasha taa majumbani nchi nzima. Baada ya hapo kampeni ikaingia na kaulimbiu ya kuvuka viti 400. Mimi nikaona UP biashara imeisha, kilichobaki ni kuhesabu.

Juni 4 matokeo yanatoka, BJP 33. Samajwadi Party ya Akhilesh Yadav 37, Congress 6. Na kile kiti cha Faizabad, ambacho mji wa Ayodhya uko ndani yake, kachukua mzee wa Samajwadi anaitwa Awadhesh Prasad kwa tofauti ya kura 54,567. Kwa sababu ya huo mporomoko BJP nchi nzima wakaishia 240 wakati nusu ya bunge ni 272, Modi akarudi kuwa waziri mkuu ila kwa kushikwa mkono na vyama vingine.

Sasa nauliza, hivi watu wa UP walilikataa hekalu? Au hekalu halikuwa kwenye akili za watu siku ya kupiga kura? Nimeona watu wanasema ni Waislamu, wengine wanasema ni matabaka ya kuzaliwa, wengine ajira. Nataka mtu anieleze kama anavyomweleza mtu aliyekaa naye, asinitupie link.

Mchambuzi_Huru

Mkuu swali zuri, na nianze na kitu ambacho wengi wanakiruka maana kinahitaji utulivu wa hesabu.

India wanatumia mfumo wa aliyepata kura nyingi ndiye mbunge, hakuna kurudia, hakuna asilimia 50. Kwahiyo kwenye jimbo lenye vyama vikubwa vinne kama UP, swali sio nani anapendwa na wengi, swali ni nani amegawanyika. Angalia 2014. BSP, chama cha mama mmoja anaitwa Mayawati, walipata karibu asilimia 20 ya kura zote za UP, mamilioni kwa mamilioni ya kura, wakapata viti sifuri. Sifuri kabisa. BJP kwa asilimia 42 na kitu wakabeba viti 71. Ukiwa na 42 na wapinzani wako wamegawana zilizobaki mafungu matatu unafagia kila kona.

Haya sasa njoo 2024. BJP wamepata kama asilimia 41 ya kura. Umeiona hiyo? Karibu sawa na 2014! Lakini safari hii viti 33. Kilichobadilika ni upande wa pili. Samajwadi na Congress waliungana, Samajwadi wakagombea viti 62, Congress 17, kimoja wakawaachia chama rafiki, Trinamool. Samajwadi wakapata karibu asilimia 34, Congress zaidi kidogo ya 9. Ukijumlisha muungano wao na ukajumlisha BJP na vyama vyake rafiki, kila upande unakuta una takriban 43 na ushee, wamelingana karibu kabisa, ila viti ni 43 kwa 36. Hicho kiti kimoja kilichobaki nacho kachukua mwanasiasa anaitwa Chandrashekhar Azad kule Nagina, sio wa huku wala kule.

Kwahiyo ukisema "UP imemkataa Modi" unakosea, na ukisema hakuna kilichotokea unakosea zaidi, maana 2019 BJP walikuwa na karibu asilimia 50. Kura 8 au 9 kwenye kila mia zimeondoka ndani ya miaka mitano. Nusu ya hadithi ni hizo kura zilizoondoka, nusu nyingine ni kwamba zilipoondoka zilikuta kuna sehemu moja ya kwenda badala ya tatu.

Na ujue kuungana kwenyewe kulishajaribiwa wakafeli. 2017 Akhilesh na Rahul Gandhi wa Congress waliungana kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo, wakapigwa vibaya. 2019 Akhilesh akaungana na Mayawati, kwenye karatasi ilionekana haivunjiki, wakapata 15 tu, Mayawati 10 yeye 5, afu wakaachana kwa maneno makali. Kwahiyo muungano peke yake hautoshi, lazima na kura zenyewe ziwe zinahama, na mwaka 2024 zilikuwa zinahama kweli. Zilihamaje nawaachia wengine, mimi nimeishia kwenye hesabu.

Zuhura_M

Nimesoma Lucknow, mji mkuu wa UP, miaka kadhaa na bado naongea na watu wa huko, acha niongezee pale alipoishia Mchambuzi.

Hekalu hawakulikataa. Hilo liweke pembeni kabisa. Watu wengi wa UP waliompigia kura Samajwadi ni Wahindu wanaokwenda kumwabudu Ram na walilifurahia hekalu kwa moyo wote. Ila hekalu lilishajengwa, ahadi ilishatimia, na mtu akishalipwa deni anakuuliza jambo jingine. Jambo jingine lilikuwa katiba.

Wanaofuatilia kwa mbali hawaelewi uzito wa hili. UP ina Dalit kama asilimia 21 ya watu wake, wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa. Katiba ya India iliandikwa kwa kuongozwa na Ambedkar, Dalit mwenzao, na ndiyo iliyowapa nafasi za vyuo, kazi za serikali na viti vya bunge vilivyotengwa kwa ajili yao. Kwenye nyumba nyingi za Dalit kule utakuta picha ya Ambedkar ukutani ameshika hicho kitabu. Sasa chama kinapita kinasema tunataka 400, mtu anajiuliza serikali inaundwa na 272, hizo nyingine za nini? Na aliyekuja kujibu ni mbunge wa BJP wa hapohapo Faizabad, Lallu Singh, alisema kwenye kampeni kwamba 272 inatosha kuunda serikali ila ukitaka kubadili katiba unahitaji theluthi mbili. Video ikasambaa kwenye simu kijiji kwa kijiji. Modi akakanusha, viongozi wakubwa wakakanusha, lakini neno likitoka limetoka. Rahul Gandhi akawa anapanda jukwaani na kitabu kidogo chekundu cha katiba mkononi, hahitaji hata hotuba ndefu.

Na sasa sikiliza Akhilesh alichofanya, mimi hapa ndio namvulia kofia. Chama chake miaka yote kilikuwa kinasemwa ni cha Wayadav (tabaka lake mwenyewe) na Waislamu tu, na ile sifa ndiyo ilikuwa inawafukuza wengine wote. Safari hii akaja na kitu anakiita PDA, maana yake watu wa matabaka ya nyuma, Dalit, na jamii za wachache. Wayadav aliwapa tiketi tano tu na wote ni wa familia yake, Waislamu wanne. Zilizobaki nyingi kazigawa kwa Kurmi, Maurya, Nishad, Pasi na wengineo, yale matabaka madogo madogo ambayo BJP ndiyo iliyakusanya kuanzia 2014. Kule Faizabad, ambacho ni kiti cha wazi, hakijatengwa kwa Dalit, akamsimamisha Awadhesh Prasad ambaye ni Pasi, Dalit, mzee wa miaka karibu 80 aliyekaa kwenye siasa ya eneo lile tangu ujana wake. Kumpa Dalit kiti cha wazi ni jambo ambalo vyama vikubwa havifanyi karibu kamwe. Watu waliliona.

Kuhusu Waislamu, ndio, walipiga kura karibu kwa pamoja kwa muungano, lakini Waislamu wa UP ni kama asilimia 19 na hata 2019 hawakuwapigia BJP. Hawawezi wao kuwa ndio sababu ya mabadiliko, maana hawakubadilika.

Kipanga

Zuhura umeeleza vizuri sana ila mimi naona mnawapa viongozi sifa nyingi kuliko wananchi. Ukiwasikiliza vijana wa UP wenyewe katiba inakuja ya pili, ya kwanza ni ajira, na hapa kuna tukio moja ambalo bila kulitaja huu uchaguzi hauelezeki.

Februari 2024, chini ya mwezi mmoja baada ya hekalu kuzinduliwa, UP walifanya mtihani wa kuajiri askari polisi. Nafasi 60,244. Waliomba watu zaidi ya milioni 4.8. Rudia hiyo namba taratibu, vijana milioni 4.8 kwa nafasi elfu sitini. Watu walisafiri usiku kwenye treni, wakalala stesheni, wakafanya mtihani tarehe 17 na 18, halafu ikabainika karatasi imevuja, vijana wakaingia barabarani, serikali ya jimbo ya Yogi Adityanath wa BJP ikaufuta mtihani wote. Na haikuwa mara ya kwanza mtihani kuvuja kule. Kijana ambaye baba yake ameuza kipande cha shamba alipe tuisheni miaka mitatu, utamwambia nini kuhusu viti 400?

Weka na Agnipath, ule mpango mpya wa kuajiri jeshini, juu yake. Jeshi ndilo lilikuwa kimbilio la vijana wa vijijini UP, ukiingia umeokoa ukoo, una mshahara na pensheni. 2022 serikali ikabadilisha, sasa unaingia miaka minne na baada ya hapo robo tu ndio wanabakishwa, wengine warudi nyumbani. Vijana walichoma hadi treni mwaka ule. Hawakusahau.

Kuna na ng'ombe. Hili watu wa nje hawalijui kabisa. Sheria za kuchinja ng'ombe zilivyobanwa, mkulima akiwa na ng'ombe mzee asiyetoa maziwa hana pa kumpeleka, anamwachia azurure, na makundi ya hao ng'ombe yanaingia mashambani usiku yanamaliza ngano. Mkulima analala shambani na tochi kwenye baridi ya Januari akilinda mazao yake. Serikali ilijenga mazizi ya kuwaweka lakini ukiuliza vijijini wanakwambia hayatoshi.

Simaanishi BJP hawakuwa na kitu mkononi, walikuwa nacho. Ule mgao wa nafaka bure kilo tano kwa kila mtu kwa mwezi ni mkubwa mno, unawafikia watu milioni 800 nchi nzima, na kina mama wengi waliwapigia BJP kwa sababu ya huo pamoja na gesi, vyoo na nyumba. Barabara za UP zimebadilika, umeme upo, usalama watu wanasifu. Ila mgao ulikuwepo 2022 pia, mtu ameshauzoea. Congress wakaja wakaahidi kilo kumi na rupia laki moja kwa mwaka kwa mwanamke mmoja wa kila familia maskini.

Sikio la Dunia

Asanteni sana, hapa naanza kupata mwanga kwakweli, hiyo ya mtihani wa polisi sikuwahi kuisikia popote.

Zuhura nisaidie Ayodhya yenyewe, maana hekalu limeleta uwanja wa ndege, barabara, watalii mamilioni, mtu wa pale si ndio alitakiwa awe wa kwanza kushukuru? Na kingine, kura za UP zilipigwa siku saba tofauti kuanzia Aprili hadi Juni, kwanini wasipige siku moja wakamaliza? Mwezi mzima na nusu mashine zimekaa stoo, hakuna mtu anayeingiwa na wasiwasi?

Zuhura_M

Ayodhya kuna mambo mawili usiyachanganye.

La kwanza, kiti cha Faizabad sio mji wa Ayodhya. Kina maeneo matano ya bunge la jimbo: Ayodhya, Bikapur, Milkipur, Rudauli na Dariyabad. Ukiangalia hesabu za kila eneo, kwenye Ayodhya yenyewe mgombea wa BJP alitangulia, ingawa kwa kura chache tu. Alikozama ni hayo manne mengine ambayo ni vijiji. Mwanakijiji wa Milkipur hana hoteli ya kupangisha mahujaji, uwanja wa ndege anausikia ukipita juu.

La pili ni ardhi. Ile barabara kuu inayoingia mjini inaitwa Ram Path, kama kilomita 13, ili kuipanua walibomoa maduka na nyumba upande huu na huu. Wenye maduka walikuwa wapangaji wa miaka mingi, wengi hawana hati, maduka ya kurithi kutoka kwa babu, wanauza maua, pipi za kutolea sadaka, vyombo vya ibada. Fidia iliyotoka wengi walilalamika ni ndogo mno, na wengine waliambiwa wanunue chumba kwenye majengo mapya kwa bei wasiyoiweza. Na ardhi ya kuzunguka ikapanda bei, wanunuzi wakatoka miji mikubwa, aliyeuza mapema akaona kipande chake kinauzwa mara nyingi ya alichopewa. Watu hawa walikuwa wanampenda Ram kabla BJP haijazaliwa. Walichukia namna walivyotendewa na maafisa.

Na Lallu Singh alikuwa mbunge tangu 2014, muhula wa pili huo, watu wanasema alikuwa haonekani. Alidhani hekalu litambeba.

Halafu jambo ambalo linanishangaza watu wakilisahau: kiti hiki hakijawahi kuwa mali ya kudumu ya BJP. 1989, harakati za hekalu zikiwa zimepamba moto, kilichukuliwa na mkomunisti, Mitrasen Yadav wa CPI. 2004 mtu huyohuyo akakichukua akiwa BSP. 2009 kikaenda Congress. Ayodhya watu wake wamezoea kuchagua wanavyotaka.

kadogo_2

Nijibu hiyo ya siku saba maana utaratibu wa uchaguzi wa India ndio kitu nakipenda kuliko hata siasa yenyewe.

UP ina wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 150. Ingekuwa nchi, ingekuwa miongoni mwa nchi kubwa kabisa duniani. Kiti kimoja cha ubunge kina wapiga kura karibu milioni mbili. Kulinda vituo vyote hivyo Tume ya Uchaguzi haiwaachii polisi wa jimbo peke yao, maana polisi wa jimbo wako chini ya serikali ya jimbo ambayo nayo ni ya chama, inaleta askari wa serikali kuu, na hao idadi yao haitoshi nchi nzima kwa siku moja. Kwahiyo wanahamishwa. Wakamaliza huku wanapakiwa kwenye treni wanaenda kule. 2024 ilianza Aprili 19 ikaisha Juni 1, na UP, Bihar na West Bengal ndiyo majimbo yaliyopiga kura awamu zote saba. UP walianzia magharibi, kwenye ukanda wa miwa karibu na Delhi, wakawa wanasogea kuelekea mashariki. Faizabad, Amethi, Rae Bareli na Lucknow zilikuwa awamu ya tano, Mei 20. Varanasi ya Modi ikawa ya mwisho kabisa.

Kuhesabu ni siku moja nchi nzima, na kura za maoni za watu wanaotoka vituoni haziruhusiwi kutangazwa mpaka awamu ya mwisho ifungwe, ili anayepiga kura Juni asiongozwe na matokeo ya Aprili. (Zilipotangazwa jioni ya Juni 1 nyingi ziliwapa BJP na wenzake zaidi ya viti 60 UP, siku tatu baadaye zikaonekana zimekosea vibaya.)

Mashine hazijaunganishwa na intaneti wala na mashine nyingine. Unabonyeza kitufe pembeni ya alama ya chama, baiskeli kwa Samajwadi, ua la yungiyungi kwa BJP, kiganja kwa Congress, tembo kwa BSP, halafu kwenye kile kiboksi cha pembeni kinaitwa VVPAT inatokea karatasi yenye jina na alama uliyochagua, unaiona kwenye kioo sekunde 7 inadondoka ndani. Siku ya kuhesabu wanachagua kwa bahati nasibu vituo vitano kwa kila eneo la bunge la jimbo, wanahesabu karatasi kwa mkono wanalinganisha na mashine. Kuna waliotaka karatasi zote zihesabiwe, Mahakama ya Juu ya India ikakataa Aprili 26, uchaguzi ukiwa tayari umeanza. Mashine zinakaa kwenye stoo zilizofungwa kwa lakiri, askari nje, na mawakala wa vyama wanaruhusiwa kukesha wakizitazama. Samajwadi walikesha kweli, hawakucheza. Kwahiyo wasiwasi upo mkuu, na wasiwasi huo ndio unaofanya watu walinde.

Kinachoniuma mimi ni joto. Kupiga kura Mei na Juni UP ni nyuzi 45 na zaidi. Awamu ya mwisho makumi ya watumishi wa uchaguzi walikufa kwa joto UP, walimu na makarani waliopangiwa vituo, walinzi, wahudumu. Watu hao hawajatajwa kwenye uchambuzi wowote na bila wao hakuna uchaguzi. Waliojitokeza kupiga kura UP walikuwa kama asilimia 57, chini ya wastani wa nchi, na joto lina mchango wake.

Kipanga

Kadogo hilo la joto umenigusa, ratiba ile ingeweza kusogezwa wiki chache nyuma.

Naongezea viti viwili ambavyo mtu akivisoma ataelewa hali ya hewa ya siasa ilikuwaje. Amethi, 2019 Smriti Irani wa BJP alimpiga Rahul Gandhi mwenyewe kwa kura zaidi ya 55,000, ikawa habari ya dunia. 2024 Congress hawakumrudisha Rahul pale, wakamsimamisha Kishori Lal Sharma, mtu ambaye kwa miongo alikuwa anashughulikia shida za wananchi wa pale kwa niaba ya familia ya Gandhi, hana umaarufu wowote nje. Akamshinda Irani, ambaye alikuwa waziri, kwa zaidi ya kura 167,000. Na Varanasi, Modi alishinda 2019 kwa karibu laki 4 na elfu 80, 2024 kwa laki 1 na elfu 52, na kuna saa za asubuhi siku ya kuhesabu alikuwa nyuma. Kushinda ni kushinda, lakini waziri mkuu aliyepo madarakani kushuka hivyo nyumbani kwake ni ujumbe.

Mchambuzi_Huru

Kuna mtu mmoja hatujamgusa vya kutosha, Mayawati. Huyu mama amekuwa waziri mkuu wa jimbo mara nne, 2007 alishinda peke yake bila muungano, mwanamke Dalit anaongoza jimbo kubwa kuliko yote India, jambo ambalo Ambedkar mwenyewe asingeliona likija. 2024 kagombea peke yake, kapata kama asilimia 9 na viti sifuri. Miaka mitano nyuma alikuwa na 19 na viti 10. Nusu ya watu wake wameondoka. Wapo waliokwenda BJP siku nyingi kwa sababu ya mgao, safari hii wengine wakavuka kwenda kwa muungano kwa ile hofu ya katiba aliyoeleza Zuhura, na kule Nagina vijana wakamchukua Chandrashekhar Azad kwa tofauti ya zaidi ya laki moja na nusu. Mimi naona hao Dalit waliomwacha Mayawati ndio watakaoamua kila uchaguzi wa UP kwa miaka kumi ijayo, kuliko Waislamu, kuliko Wayadav, kuliko hekalu lolote.

Sikio la Dunia

Sasa la mwisho wakuu, kama hali ni hiyo ina maana BJP UP ndio basi? Maana nimesoma kwamba walirudi wakashinda hapohapo Ayodhya 2025.

Zuhura_M

Hapana, hawajaisha hata kidogo, na hilo uliloliona ni Milkipur. Awadhesh Prasad alikuwa mbunge wa bunge la jimbo kutoka Milkipur, alipokwenda bunge la Delhi kiti kikabaki wazi, Februari 2025 wakarudia uchaguzi. Samajwadi wakamsimamisha mtoto wake, Ajit Prasad. BJP nao wakasimamisha Pasi, Chandrabhanu Paswan, yani wameshaisoma ile hesabu wakaitumia wao. Yogi akaenda pale mara nyingi, mawaziri wakapangiwa kata kwa kata. BJP wakashinda kwa zaidi ya kura 61,000. Samajwadi walilalamika kwamba polisi na maafisa walitumika kuwazuia watu wao, lakini kiti kimekwenda. Na kabla ya hapo, Novemba 2024, katika viti tisa vya bunge la jimbo vilivyorudiwa, BJP na rafiki zao walichukua saba.

Kwahiyo usiichukue 2024 ukadhani ndio 2027. Uchaguzi wa 2027 ni wa bunge la jimbo, viti 403, anayepigiwa ni Yogi na Akhilesh, Modi hayumo kwenye karatasi. Wengine wanaona Yogi ana nguvu zaidi kwenye jimbo kuliko chama chake kilivyokuwa na nguvu kwenye viti vya Delhi. Mimi ninachokiangalia ni kama Samajwadi wataendelea kugawa tiketi kama walivyogawa 2024. Uchaguzi wa jimbo una tiketi 403 na kila diwani wa zamani wa Kiyadav anaona zamu yake imefika. Wakirudi kule, wale Kurmi, Maurya na Pasi waliokuja mwaka 2024 hawatakaa wakisubiri.